Fedha za kufunga maghala ya taka za nyuklia Marekani na tathmini yake ya mazingira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila baada ya muda, Gazeti la Serikali ya Shirikisho la Marekani hutoa tangazo lenye kichwa cha kuchosha: tathmini ya mazingira ya mpango wa fedha za kufunga ghala la mafuta ya nyuklia yaliyotumika, mahali fulani. Jibu lake karibu siku zote ni lile lile, kwamba hakuna athari kubwa. Wanaoishi jirani na maghala hayo, wakiwemo ndugu zetu wengi waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda wakahamia jimbo la Maine, wana haki ya kuuliza mazingira yamepimwaje kwa karatasi ya hesabu. Haya ndiyo maswali yanayorudi mara nyingi zaidi. Mfano mkuu ni ghala la Maine Yankee, lililoko Wiscasset, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Portland.

Ghala lenyewe lina nini?

Lina vidonge vya urani vilivyopangwa ndani ya fito ndefu za metali, na fito hizo zimefungwa pamoja mafungu mafungu. Fungu likishakaa kinuni miaka michache haliwezi tena kuzalisha umeme wa maana, lakini bado ni la moto na lina mionzi ya kuua. Kwanza huzamishwa kwenye bwawa la maji, kwa kawaida si chini ya miaka 5. Baadaye huhamishiwa kwenye mtungi wa chuma cha pua ambao mfuniko wake huchomelewa, na mtungi huingizwa ndani ya kasha nene la zege na chuma. Kasha husimama nje juu ya sakafu ya zege. Hewa hupenya yenyewe kwenye matundu ya kasha na kuupoza mtungi, bila pampu wala feni.

Ghala la kwanza la namna hii lililopewa leseni Marekani ni la Surry, Virginia, mwaka 1986. Leo yametapakaa nchi nzima, mengi yakiwa ubavuni mwa vinu vinavyoendelea kufanya kazi.

Kinu cha Maine Yankee kilizalisha umeme kuanzia 1972 hadi Desemba 1996, wenyewe wakaamua kukifunga moja kwa moja mwaka 1997, na kufikia 2005 kilikuwa kimebomolewa na uwanja umesafishwa. Kilichobaki kwenye rasi ya Bailey Point ni makasha 64: 60 yana mafuta yaliyotumika, na 4 yana vipande vya chuma vya ndani ya kinu vilivyojaa mionzi. Ukiongeza uzio, walinzi na vipimo, umemaliza kila kitu kilichopo.

Kama kinu hakipo tena, makasha yanangoja nini?

Yanaisubiri serikali. Sheria ya Sera ya Taka za Nyuklia ya 1982 iliipa Wizara ya Nishati ya Marekani jukumu la kuyachukua mafuta haya na kuyazika. Makampuni ya umeme yalitia saini mikataba, na wateja wao wakakatwa sehemu ya kumi ya senti kwa kila kilowati-saa ya umeme wa nyuklia ili kuujaza Mfuko wa Taka za Nyuklia. Serikali iliahidi kuanza kuyachukua ifikapo tarehe 31 Januari 1998.

Siku hiyo ilifika na kupita, na hakuna hata kasha moja lililochukuliwa. Mwaka 1987 Bunge la Marekani liliuteua mlima Yucca, Nevada, uwe mahali pekee pa kuchunguzwa kwa ajili ya maziko. Watu wa Nevada wakapinga kwa miaka mingi, na wakati wa utawala wa Obama fedha za mradi zikakatwa. Mnamo Mei 2014 makato ya wateja yalisimamishwa baada ya mahakama kusema serikali haiwezi kuendelea kutoza fedha kwa kazi isiyofanyika. Mfuko una zaidi ya dola bilioni 40 na hadi leo hakuna shimo.

Kwa hiyo makampuni yanaishtaki serikali kwa kuvunja mkataba, na yanashinda. Kampuni tatu za Yankee, yaani Maine Yankee, Connecticut Yankee na ile ya Rowe, Massachusetts, zililipwa karibu dola milioni 160 katika awamu ya kwanza pekee ya mashauri yao, kisha zikarudi mahakamani kwa awamu zilizofuata. Fidia hizo hazitoki kwenye Mfuko wa Taka, maana mahakama ilikataza. Zinatoka hazina kuu ya serikali, kwa hiyo mlipa kodi wa Florida au Kansas anachangia ulinzi wa makasha ya Wiscasset bila kujua.

Mpango wa fedha za kufunga ghala ni kitu gani hasa?

Ni hati ambayo mwenye ghala huipeleka kwa Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi NRC, kuonyesha kwamba siku mafuta yatakapoondoka kutakuwa na fedha za kupima uwanja, kubomoa makasha na sakafu, kutupa kilichoshika mionzi na kuiacha ardhi ikiwa salama. Wako wazee wa pwani wanaonunua sanda na kuiweka sandukuni wakiwa wazima wa afya, ili msiba ukifika wanaobaki wasihangaike. Tume inamtaka mwenye ghala afanye vivyo hivyo, na kila baada ya miaka mitatu afungue sanduku aonyeshe kwamba sanda bado ipo na bado inatosha.

Sharti hili limo katika kanuni za Tume, sehemu ya 72, kifungu cha 30. Lilikazwa na kanuni ya mipango ya ufungaji iliyotangazwa Juni 2011 na kuanza kutumika Desemba 17, 2012. Chanzo chake kilikuwa uzoefu mchungu wa maeneo yaliyochafuliwa na wenye leseni ambao, ilipofika zamu ya kusafisha, hawakuwa na fedha au hawakuwepo tena. Wenyewe wanayaita maeneo ya urithi, na urithi wa namna hiyo hakuna anayeugombania.

Kuna nini ndani ya mpango huo?

Kitovu chake ni makadirio ya gharama. Kanuni inataka yakadiriwe kana kwamba kazi yote itafanywa na mkandarasi wa nje, si wafanyakazi wa kampuni wenyewe, kwa sababu kampuni iliyofilisika haina wafanyakazi. Lazima kuwe na nyongeza ya dharura, na mwongozo wa Tume unataja asilimia 25. Lazima pia mwenye ghala aeleze dhana alizozitumia na kuzitetea, ataje kiasi cha udongo wa chini uliochafuka kama upo, aseme fedha zitapatikana kwa njia gani, na athibitishe kwamba dhamana imeshawekwa.

Anaporudi baada ya miaka mitatu, au anapoomba leseni iongezewe muda, anatakiwa aseme kama kuna kilichomwagika, kama kituo kimebadilishwa, kama idadi ya mafuta anayoruhusiwa kuyashika imebadilika, na kama kazi yoyote ya usafi ilizidi makadirio ya awali. Kuna kipengele kimoja ambacho wengi hukiruka na mimi nakiona bora kuliko vyote: akitaka kupunguza fedha alizozitenga, haruhusiwi mpaka Tume iuidhinishe mpango mpya kwanza.

Kwenye mpango wowote, sehemu ya kuanzia kusoma ni dhana. Jumla ya gharama inaweza kuonekana ndogo. Kulifunga ghala tupu ni kazi ya mamilioni au makumi ya mamilioni ya dola, wakati kinu kizima ni mamia ya mamilioni. Lakini hesabu hiyo inasimama juu ya sentensi mbili tatu: kwamba Wizara ya Nishati itakuwa imeshachukua mafuta yote kufikia mwaka fulani, kwamba mitungi iliyochomelewa haikuvuja kwa hiyo makasha ni safi kwa nje, na kwamba ni sehemu chache tu za zege na chuma ndizo zilizoshika mionzi kidogo kwa kupigwa na nyutroni, chembe ndogo zinazotoka kwenye mafuta. Dhana ya pili na ya tatu zina ushahidi mzuri. Ya kwanza imekuwa ikisogezwa mbele tangu 1998.

Fedha zinawekwa wapi?

Kanuni inaruhusu njia kadhaa: kulipa zote mapema kwenye akaunti ya amana isiyoguswa na kampuni, dhamana ya benki au ya bima, dhamana ya kampuni mama, au mfuko wa nje unaojazwa kidogo kidogo. Taasisi ya serikali inaweza kutoa tamko la nia tu, kwamba itaomba fedha zitakapohitajika. Wenye vinu vya umeme mara nyingi hutumia amana ile ile iliyowekwa kwa ajili ya kubomoa kinu.

Hizo ndizo zinazolipa walinzi wa sasa?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi hupotea, wakiwemo waandishi wa habari.

Mpango wa kufunga ghala huanza kuhesabu baada ya kasha la mwisho kutoka getini. Ulinzi wa usiku na mchana, bima, vipimo vya joto na mionzi, kodi ya mji, mawakili, vyote hivyo viko nje ya hesabu. Kwa Maine Yankee gharama za kila mwaka zimekuwa zikitajwa kuwa kama dola milioni 10. Zidisha kwa miaka tangu kinu kibomolewe mwaka 2005 na utaona kwamba gharama ya kungoja imeshaiacha mbali gharama ya kufunga. Kwa wenye vinu ipo kanuni nyingine inayowataka waeleze watakavyogharimia utunzaji wa mafuta mpaka serikali iyachukue, lakini hiyo ni hati tofauti na haimo katika tathmini tunayoizungumzia.

Ukisoma tangazo lisemalo fedha zinatosha, basi jiulize zinatosha kwa nini. Zinatosha kwa siku ya mwisho. Kuhusu miaka iliyo kati, tangazo halisemi neno.

Kwa nini karatasi ya fedha ifanyiwe tathmini ya mazingira?

Sheria ya Taifa ya Sera ya Mazingira, NEPA, iliyotiwa saini na Rais Nixon tarehe 1 Januari 1970, haiulizi kama kuna tingatinga. Inauliza kama wakala wa serikali kuu anafanya uamuzi. Kuidhinisha mpango ni uamuzi, kwa hiyo sheria inagusa.

Njia zipo tatu. Baadhi ya maamuzi madogo yameorodheshwa mapema kuwa hayana athari na hayahitaji tathmini. Yasiyo kwenye orodha hufanyiwa tathmini fupi. Tathmini fupi ikionyesha uwezekano wa athari kubwa, inaandikwa taarifa kamili, ile ya kurasa nyingi na mikutano ya wananchi. Kuidhinisha mipango ya fedha za maghala hakukuwa kwenye orodha ya misamaha, ndiyo maana Tume ikajikuta ikiandika tathmini fupi moja baada ya nyingine kwa kila ghala. Mwaka 2021 ilitangaza nia ya kuipanua orodha hiyo, na karatasi za aina hii, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa zinazostahili kuangaliwa kwanza.

Ndani ya tathmini kuna nini?

Ni kurasa chache, na ukisoma mbili umesoma zote. Inaeleza kitendo kinachopendekezwa, yaani kuupitia na kuuidhinisha mpango. Inaeleza kwa nini kinahitajika. Kisha inakuja hoja kuu: idhini haibadilishi uendeshaji wa ghala, hairuhusu ujenzi, haichimbi ardhi, haiongezi mionzi wala maji machafu, haizalishi taka mpya. Kwa hiyo hakuna cha kuathiri.

Wanyama walio hatarini na maeneo ya kale navyo huguswa kwa aya moja moja. Kwa kuwa hakuna jembe linaloingia ardhini, Tume husema kitendo hakina uwezo wa kuathiri majengo au makaburi ya kihistoria, na hakina athari kwa viumbe wanaolindwa.

Sehemu ya mbadala ndiyo inayonifurahisha. Mbadala ni mmoja, kuukataa mpango. Tume inajibu kwamba kuukataa mpango uliotimiza masharti kungeidhoofisha dhamira ya kanuni ya 2011, yaani kuzuia yasizaliwe maeneo mengine ya urithi, kwa hiyo mbadala huo haufai. Kwa sheria ni sawa. Kwa msomaji wa kawaida inamaanisha kwamba swali lililoulizwa lilikuwa na jibu moja tangu mwanzo.

Basi si ni mhuri tu?

Tathmini ya mazingira, ndiyo, inakaribia kuwa mhuri. Sioni faida ya kulificha hilo. Ukiuliza kama kupitisha karatasi kunachafua bahari, jibu haliwezi kuwa lingine.

Lakini kazi ya kweli inafanyika kwenye hati iliyo nyuma yake, na hapo wataalamu wa Tume hawapigi mhuri tu. Wanauliza maswali kwa barua, wanadai ufafanuzi wa bei ya kutupa taka, wanahoji kwa nini kasha fulani limehesabiwa kuwa safi. Barua hizo ziko wazi kwa umma. Anayetaka kujua hali ya ghala la jirani yake atajifunza zaidi kwenye barua tatu za maswali na majibu kuliko kwenye tathmini kumi za mazingira.

Faida nyingine ya tathmini ni ndogo ila ni ya kweli: inalazimisha tangazo. Bila NEPA idhini ingekuwa barua kati ya Tume na kampuni, na jirani asingesikia chochote.

Ubomoaji wenyewe, siku ukifika, utapita bila kukaguliwa?

Hautapita. Mwenye ghala atatakiwa kupeleka mpango wa mwisho wa kufunga, unaoeleza kazi kwa vitendo: kasha lipi linakatwa, vumbi la zege linadhibitiwaje, malori yanapita wapi, taka zinatupwa wapi. Uamuzi huo una tathmini yake, na hapo ndipo vumbi, maji na ndege wa pwani watakapopimwa kwa dhati. Baada ya kazi unafanywa upimaji wa mwisho wa uwanja kabla ya leseni kufutwa. Tume ina haki ya kuja na vifaa vyake kuhakiki vipimo vya kampuni.

Kusafirisha mafuta na kuyazika kuna michakato yake mingine kabisa.

Ardhi ikisemwa ni safi, ni safi kiasi gani?

Kiwango cha Tume kwa ardhi itakayotumiwa bila masharti ni kwamba mtu wa kawaida wa kundi litakaloguswa zaidi, tuseme anayelima na kunywa maji ya hapo, asipate zaidi ya milirem 25 (kipimo cha mionzi inayompata mtu) kwa mwaka kutokana na mabaki. Kwa kipimo cha kimataifa ni milisivati 0.25. Juu ya hapo, mwenye leseni lazima apunguze zaidi kadiri inavyowezekana kwa busara. Kwa kulinganisha, Mmarekani wa kawaida hupata kama milisivati 3.1 kwa mwaka kutoka kwa asili tu, yaani miamba, anga, gesi ya radoni na chakula.

Watu wa Maine hawakuridhika. Kinu kilipobomolewa, jimbo lilisimamia kiwango chake: milirem 10 kwa njia zote, na kati ya hizo zisizidi 4 kwa maji ya ardhini. Kampuni ikakubali kusafisha kwa kiwango hicho. Huo ni mfano mzuri wa kile ambacho jimbo lenye msimamo linaweza kukipata, hata kama kisheria usalama wa nyuklia uko mikononi mwa serikali kuu.

Na kama serikali haitayachukua mafuta kamwe?

Swali hili Tume ililazimishwa kulijibu. Juni 2012 mahakama ya rufaa ya Washington iliitengua kanuni yake ya zamani, iliyokuwa ikitegemea imani kwamba mahali pa kuyazika mafuta patapatikana, ikasema athari za kushindwa kupapata hazikuchunguzwa. Tume ilikaa chini, na mwaka 2014 ikatoa uchunguzi mkubwa wa athari za kuendelea kuhifadhi, katika hali tatu: miaka 60 baada ya kinu kumaliza muda wake, miaka 100 zaidi juu ya hiyo, na milele.

Hiyo ya milele inachukulia kwamba makasha na mitambo ya kuhamishia mafuta vitabadilishwa kila baada ya miaka 100, na kwamba atakuwepo mtu wa kufanya hivyo na wa kulipia. Hapo ndipo pana udhaifu. Hakuna mpango wa fedha wa ghala lolote unaogharimia karne ya pili. Tathmini za mipango hiyo haziligusi jambo hili kwa sababu si sehemu ya kitendo kinachopendekezwa, na ule uchunguzi wa 2014 unazungumza kwa ujumla, bila kulitaja ghala lako kwa gharama zake. Suala la miaka mingi ya kungoja limeangukia katikati ya hati mbili, na kila moja inanyoosha kidole kwa mwenzake.

Si yangehamishiwa ghala moja kubwa?

Limejaribiwa. Mwaka 2021 Tume ilitoa leseni kwa ghala la pamoja katika kaunti ya Andrews, Texas. Jimbo likapitisha sheria ya kulizuia na kwenda mahakamani. Juni 18, 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji 6 dhidi ya 3, kwamba Texas haikuwa na haki ya kuipinga leseni kwa njia ile. Tume imeshinda kesi, ila leseni siyo ghala, na mpaka wenyeji wakubali sioni makasha ya Wiscasset yakipanda treni.

Mwenye ghala akifilisika je?

Ndiyo sababu fedha zinatakiwa ziwe nje ya mikono yake. Amana haiingii kwenye mali za kugawiwa wadai, na benki iliyotoa dhamana hulipa hata kama kampuni imekufa. Kampuni tatu za Yankee zinamilikiwa na makampuni ya umeme ya New England, na hatimaye mzigo unamrudia mteja wa umeme. Hofu yangu haipo kwao. Ipo kwa kampuni zilizoanzishwa kununua vinu vilivyozimwa ili kuvibomoa kwa faida, ambazo nje ya mfuko wa kinu chenyewe hazina mali nyingi. Kwa hizo, soma kila toleo la miaka mitatu.

Mbona tathmini nyingine zinatoka miaka kadhaa baada ya mpango kupelekwa?

Foleni. Mipango ya kwanza yote iliingia kwa pamoja mwishoni mwa 2012. Kwa maghala mengi, Tume ilipokuja kutoa tathmini, toleo la pili lilikuwa limeshafika, ikabidi matoleo yapitishwe kwa pamoja. Wakati wote huo dhamana zilikuwepo, kwa hiyo hakukuwa na pengo la fedha. Lakini bei ya kutupa taka hupanda, na kuidhinisha makadirio yaliyozeeka ni kazi isiyo na utamu.

Naweza kutoa maoni?

Kwa tathmini hizi fupi, mara nyingi tangazo hutoka kazi ikiwa imekwisha. Jimbo ndilo linalopelekewa rasimu mapema, kwa hiyo mlango ulio karibu nawe ni ofisi za jimbo, na Maine ina utaratibu wake wa kulifuatilia ghala. Barua kwa Tume pia hupokelewa na kuwekwa kwenye kumbukumbu. Ukiandika, taja dhana unayoipinga na ukurasa wake. Barua inayosema nyuklia ni mbaya, kwa jumla jumla, itajibiwa kwa shukrani na kuishia hapo.

Nasikia sheria ya mazingira imelegezwa.

Imebanwa kwa kurasa na muda. Marekebisho ya Juni 2023 yaliweka ukomo wa kurasa 75 na mwaka mmoja kwa tathmini fupi, na kurasa 150 na miaka miwili kwa taarifa kamili, isipokuwa kwa mambo tata sana. Mei 2025 Mahakama ya Juu, katika kesi ya reli ya Utah, ikaziambia mahakama za chini ziwaachie mawakala nafasi kubwa ya kuamua wachunguze umbali gani. Kwa mipango ya fedha za maghala hakuna kitakachobadilika sana, maana kurasa 75 hazikuwahi kukaribiwa. Kinachopungua ni uwezekano wa hakimu kumwambia mtu wa Tume arudi akachunguze na miaka ya kungoja.

Afrika Mashariki yanatuhusu nini haya?

Kwa maghala kama haya, bado hatuna, kwa sababu hatuna kinu cha umeme wa nyuklia. Tulicho nacho ni taka za mionzi za hospitali, viwanda na utafiti, zinazosimamiwa Tanzania na Tume ya Nguvu za Atomiki yenye makao Arusha, na Kenya na mamlaka iliyoundwa na Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019.

Lakini Kenya imekuwa ikipanga kujenga kinu kwa miaka mingi. Watu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kuupinga mwaka 2024, na macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Maswali yaliyosikika sana ni ya samaki, mikoko na fidia ya ardhi, na ni ya haki. Lile la makasha halikusikika vya kutosha: mafuta yakishatumika yatakaa wapi, kwa muda gani, na fedha za kungoja zitatengwa tangu senti ya kwanza ya umeme au zitaachiwa wajukuu? Marekani iliuliza ikiwa imeshachelewa, ikiwa na vinu zaidi ya mia moja na mikataba iliyokwisha sainiwa.

Nyaraka zenyewe nazipata wapi?

Tathmini ziko kwenye tovuti ya Gazeti la Serikali ya Shirikisho. Mipango, barua za maswali na majibu ya kampuni viko kwenye maktaba ya mtandaoni ya NRC iitwayo ADAMS, bure, bila kujiandikisha. Usitafute kwa jina la mji, utazama. Tafuta kwa namba ya jalada: Maine Yankee ni 72-30, Rowe ni 72-31, Connecticut Yankee ni 72-39. Kwa bahati tu, namba ya Maine Yankee inafanana na namba ya kifungu cha kanuni ya fedha, na utafutaji wako utaleta mamia ya karatasi zisizohusika. Ongeza neno Wiscasset, chagua hati za Desemba na za miezi mitatu minne inayofuata, kisha fungua jedwali la makadirio kabla ya kusoma maneno yoyote.